Bahasha 40 na majina ya kwenye mabango

Leo nataka kuzungumzia kutafuta kazi, shughuli ambayo siku hizi karibu kila nyumba ya mjini ina mtu anayeifanya. Nitaanza na bahasha.

Jumapili moja mpwa wangu, binti wa dada yangu, alifika nyumbani akiwa na bahasha 40 za kaki ndani ya mfuko wa kitambaa. Ilikuwa miezi minane tangu amalize chuo. Shahada yake ni ya masoko, na matokeo yake si ya kuonea haya. Aliniamkia shikamoo mjomba, nikamwitikia, na kabla chai haijaletwa akawa amekwisha nieleza shida yake. Maombi aliyoyatuma kwa barua pepe hayajibiwi, kwa hiyo ameamua kuyapeleka kwa miguu, geti kwa geti. Kwangu alihitaji mambo mawili: nauli ya wiki moja, na jicho la mtu mzima la kuipitia barua yake.

Nikamwomba kwanza orodha. Barua nitaisoma, nilimwambia, lakini nataka kujua unampelekea nani. Akanipa karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, namba moja hadi arobaini. Kuisoma kulikuwa kama kupanda daladala kutoka Mbezi hadi Posta huku unasoma mabango njia nzima. Kulikuwa na soda, kulikuwa na bia, kampuni zote za simu, benki sita, maji ya chupa, sabuni ya unga, maziwa ya mtindi, ndege, saruji na kampuni ya kubashiri mpira. Hakukuwa na jina hata moja ambalo mtoto wa darasa la tano hapa mtaani halijui.

"Orodha hii umeitoa wapi, mama?" nikamwuliza.

"Sijaitoa popote, mjomba. Nilikaa nikaandika majina yaliyonijia. Haikuchukua hata nusu saa."

Jibu hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Kila jina katika karatasi ile lilikuwa limelipiwa fedha nyingi ili limjie. Limelipiwa kwenye bango la barabarani, kwenye jezi ya mchezaji, kwenye tangazo linalokatiza muziki. Ligi Kuu yetu yenyewe kwa miaka mingi iliitwa kwa jina la Vodacom, na mwaka 2021 ikachukua jina la benki ya NBC. Fedha zote hizo hutolewa ili mpwa wangu anunue soda, aweke vocha, afungue akaunti. Hakuna aliyezitoa ili kumwonyesha penye kazi. Na yeye, mwenye shahada ya masoko, alikuwa amechukua kumbukumbu ya mnunuzi akaifanya ramani ya mtafuta kazi.

Tuna semi mbili zinazogombana juu ya jambo hili. Wa kwanza unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili, ambao nadhani ni wa wenye maduka zaidi kuliko wa wazee, unasema biashara ni matangazo. Kijana wetu hulelewa kwa huo wa kwanza, kisha siku ya mahafali anakabidhiwa wa pili. Nyumbani alifundishwa kwamba mwenye kujisifu hana sifa. Kwenye semina anaambiwa ajiuze. Na neno hilo, kwa Kiswahili chetu, halisikiki vizuri hata kidogo, hasa unapomwambia binti wa watu. Nashangaa wanaotoa semina hizo hawalisikii.

Wa umri wangu watakumbuka wakati ambapo hakuna aliyehitaji kujitangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika nchini, na watu walipanga foleni kwenye maduka ya RTC kabla ya kujua kinachouzwa. Ulijipanga kwanza, ukauliza baadaye. Ikiwa ni sabuni, basi ni sabuni, hakuna aliyeuliza ya kiwanda gani. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, rafu zikaanza kujaa, na hapo ndipo tulipoanza tena kuambiwa kwamba dawa hii ya meno inashinda ile.

Wahitimu nao walikuwa bidhaa adimu. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Kwa miaka mingi baada ya hapo mhitimu alikuwa akitafutwa na kazi. Serikali ilimpangia kituo, wizarani au kwenye shirika la umma, naye akafunga sanduku lake akaenda. Utaratibu huo ulikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo mashirika yenyewe yalikuwa yakipunguza watu na kuuzwa. Sasa rafu imejaa. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 waliitwa kusailiwa pale Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi laki moja.

Sitaji hesabu hizi kuwatisha watoto wa watu. Nazitaja kwa sababu Uhamiaji na Mamlaka ya Mapato nazo ni majina. Kila mtu anayajua, kila mzazi anayatamani, na ndiyo maana foleni zake zinazishinda zile za RTC.

Basi turudi sebuleni kwangu. Soda ilikuwa mezani, nikaisogeza katikati yetu.

Jina lililoandikwa juu ya chupa ile makao yake ni Atlanta, Marekani. Lakini soda haikutoka huko. Moshi hujazwa na Bonite Bottlers, Mwanza na Nyanza Bottling, Dar es Salaam na Coca-Cola Kwanza. Kijana wa Moshi anayeandika barua kwa "Meneja, Coca-Cola, Moshi" ameliandikia jina ambalo si la mwajiri anayemtafuta. Hilo la kwanza. La pili ni chupa yenyewe. Hapa mjini kuna Kioo Limited, pale Chang'ombe, wanaotengeneza chupa za soda na za bia, na mpwa wangu alikiri kwamba hajawahi kulisikia jina lao ingawa ameshika chupa tangu utoto. Kizibo kina mtu aliyekitengeneza. Kreti ya plastiki ina mtu wake. Lebo imechapwa na mtu mwingine. Mashine ya kujazia ikigoma usiku kuna mafundi wanaopigiwa simu. Mtambo una vipuri vinavyoagizwa nje, na vikifika bandarini kuna wakala wa forodha anayevitoa. Soda ikishajazwa inakwenda kwa msambazaji mwenye maghala na malori, kutoka kwake inakwenda kwa muuzaji wa jumla, ndipo inafika kwa Mangi hapo kona. Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina watu wa kupima kilichomo. Wakala wa Vipimo ana watu wa kuangalia kama ujazo ni ule ulioandikwa. BRELA ina watu wa kusajili jina na kuamua kama halifanani mno na la mwenzake.

Wote hao wana ofisi, wana wahasibu, wana watu wa mauzo, wana watu wa ghala. Wengi hawaweki bango hata moja, kwa sababu mteja wao si mimi wala wewe. Mwenye kiwanda cha vizibo ana wateja ambao pengine hawazidi kumi, na wote anawajua kwa namba zao za simu. Aweke bango la nini?

Kwenye simu ni vile vile. Mnara ulio nyuma ya nyumba yenu mnauita mnara wa Tigo au wa Vodacom, lakini kampuni hizo ziliiuzia Helios Towers minara yao zamani, Tigo wakianza mwaka 2010 na Vodacom wakifuata miaka michache baadaye. Anayeupanda na anayeutilia jenereta mafuta hawalipwi na jina mnalolitaja. Na jina lenyewe ni nguo tu, hubadilishwa. Celtel iliingia nchini mwaka 2001, mwaka 2008 tukaambiwa ni Zain, mwaka 2010 tukaambiwa ni Airtel, na laini za watu zikaendelea kupiga kama kawaida. Mobitel ya miaka ya 1990 ilikuja kuwa Tigo, na Tigo mwaka 2024 ikawa Yas. Mtu aliyeipenda kazi kwa ajili ya jina alilazimika kuipenda upya kila jina lilipobadilishwa.

Nisijifanye sijui kwa nini vijana wanayafuata majina. Jina kubwa lina faida ya kweli. Ukilitaja benki wanakusikiliza mkopo. Ukiliandika kwenye wasifu wako, mwajiri wa pili hana haja ya kuuliza ulikuwa wapi. Na kuna kikao cha harusi. Nani asiyekijua kikao cha harusi? Unasimama, unajitambulisha, unataja unapofanya kazi, na macho ya watu yanakuambia papo hapo utaandikwa kamati gani na ahadi yako inategemewa kuwa kiasi gani. Dada yangu amesomesha mtoto kwa biashara ya vitenge, akipanda basi kwenda Tunduma na kurudi. Anataka jibu fupi la kuwapa majirani wakimwuliza binti yuko wapi siku hizi. Hilo si kosa lake.

Lakini wenye kampuni wanalijua pia. Mwaka 1996 Tim Ambler wa London Business School na mwenzake Simon Barrow walichapisha makala wakieleza kwamba kampuni ina chapa machoni pa wafanyakazi wake kama ilivyo nayo machoni pa wateja, na kwamba inafaa itunzwe. Wazo zuri, maana mfanyakazi anayeona fahari mahali pake hufanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba jina zuri laweza kutumika badala ya mshahara. Nawafahamu vijana waliokubali kujitolea miezi sita, kisha miezi sita mingine, kwa nauli ya basi tu, ili waweze kusema wako kwa fulani. Wanavaa kitambulisho shingoni hata Jumapili. Mwaka ukiisha wanaagwa kwa keki na wengine wanaletwa, nao wamevutwa na jina lile lile. Kazi ile ilikuwa ya mtu wa mshahara.

Kuna na hila ya cheo. Tangazo linasema anahitajika Afisa Masoko. Kijana anafua shati, anasailiwa dakika kumi, anapata kazi siku hiyo hiyo, nyumbani wanachinja kuku. Jumatatu anakabidhiwa begi la sabuni na kuambiwa atembee nyumba hadi nyumba Manzese, mshahara wake ni asilimia ya atakachouza, na begi likipotea ni deni lake. Kutembeza sabuni ni kazi ya halali, na wapo walioanzia hapo wakafika mbali. Ninachokilaumu ni lebo isiyolingana na kilichomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi ni ipi, mahali gani, saa ngapi, malipo kiasi gani na yanakokotolewa vipi. Kijana, iombe karatasi hiyo kabla ya kuku kuchinjwa. Na anayekutaka utoe fedha ya fomu au ya vipimo kwa simu, hata akijiita kwa jina la kampuni unayoipenda kuliko zote, huyo hakutafuti kazini. Matapeli nao wanajua masoko, ndiyo maana huazima majina yale makubwa. Hakuna tapeli anayejifanya kiwanda cha vizibo.

Sasa barua yake. Niliisoma mara mbili nikairudisha mezani.

Ilisema kwamba yeye ni mchapakazi, mbunifu, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa na anayehimili shinikizo. Nimewahi kukaa kwenye kamati za usaili miaka ya nyuma, na nawaambieni maneno hayo tulikuwa tukiyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kila barua ilikuwa nayo, mengine yakiwa na makosa yale yale ya tahajia kwa sababu yamenakiliwa kwa rafiki mmoja. Chukueni kopo la samaki dukani mlisome. Limeandikwa samaki, mafuta, chumvi, uzito gramu kadhaa, limetengenezwa lini, linaharibika lini. Hakuna kopo lililoandikwa samaki wachapakazi.

"Ulipokuwa chuoni ulikuwa unafanya nini baada ya masomo?" nilimwuliza.

Akasema hakuna. Nikamkazia macho. Akacheka, akasema labda ubuyu.

Ikaja hadithi ambayo hata mama yake hakuijua yote. Mwaka wa pili alianza kuuza ubuyu wa Zanzibar hosteli, akiuagiza kwa mtu wa boti. Mwanzo aliufunga pakiti za shilingi 1,000. Ulikwenda vizuri wiki mbili baada ya bumu kuingia, kisha ukalala. Akaona fedha za mkopo zikiisha wanafunzi hawaachi kula ubuyu, wanaacha kuwa na 1,000. Akaanza kufunga pakiti za 200 kwa ajili ya mwisho wa muhula, zenye ubuyu kidogo na faida kubwa zaidi kwa kilo. Aliajiri wauzaji wawili katika hosteli za wavulana. Alikuwa na daftari la madeni. Ilipofika mwaka wa tatu alikuwa akilipia chakula chake mwenyewe.

Nikamwuliza mambo hayo yako wapi katika barua. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mjomba, niandike kwamba nilikuwa nauza ubuyu?"

Hapa ndipo nilipotamani kuwaita walimu wake wote waje waketi sebuleni. Kampuni za sabuni na za mafuta ya kula zilipata wanunuzi wengi mitaani kwetu zilipotambua kwamba mtu anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, zikafunga vifuko vidogo. Binti huyu aligundua jambo hilo hilo peke yake akiwa na miaka 21, akalifanyia kazi, akaliandikia hesabu, kisha akalificha kwa sababu ni ubuyu, na mahali pake akaandika kwamba yeye ni mbunifu.

Yuko Mmarekani mmoja, Tom Peters, aliyeandika mwaka 1997 katika jarida la Fast Company kwamba kila mtu ni chapa na anapaswa kujiendesha kama kampuni. Fikra hiyo ndiyo mama wa semina zetu zote. Ninaikubali nusu. Mtu ana jina, na jina hulindwa, hilo tulilijua kabla ya mabango. Nusu nyingine inanitia wasiwasi, maana soda ikikataliwa sokoni hurudishwa kwenye kreti na mwenye kiwanda hula hasara. Kijana aliyekataliwa mara arobaini harudi kwenye kreti. Anarudi chumbani kwa wazazi wake, na baada ya muda anaanza kuamini kwamba kilichokataliwa ni yeye. Mpwa wangu alikuwa karibu kufika hapo. Aliniambia kwamba siku nyingine haamki hadi saa nne, asije akakutana na baba yake mezani.

Kwa hiyo tulizungumza kuhusu sabuni mpya. Sabuni mpya isiyo na fedha za matangazo huingiaje dukani kwa Mangi? Haiingii kwa kelele. Mwenyewe anakuja na vipande vichache, anaviacha bila malipo ya mbele, anasema nitapita Ijumaa. Mangi anampa mama mmoja anayemwamini, anamwambia jaribu hii. Ijumaa mama yule amerudi au hakurudi. Akirudi, Mangi huwaambia na wengine kwamba hii nayo si mbaya, fulani kachukua juzi. Toyota ilijaa barabara zetu kwa njia isiyo mbali sana na hiyo: fundi wa kila mtaa anaijua, vipuri vyake viko Kariakoo na Ilala, na jirani anayo. Bajaji imekwenda mbali zaidi, hadi jina la kiwanda cha India likawa nomino ya Kiswahili na watu wamesahau kwamba ni jina la kampuni. Lakini hizo zina miaka yake. Mhitimu ana miezi minane. Anachoweza ni kupunguza hatari ya mnunuzi wa kwanza: kazi fupi, ya majaribio, yenye malipo madogo lakini malipo, kwa mtu anayeweza kumjua mdhamini wake. Na mdhamini awe aliyeona kazi yake. Kwenye wasifu wake alikuwa ameandika profesa aliyemfundisha darasa la watu 300. Tukamfuta, tukaweka mama mwenye duka la jumla aliyekuwa akimuuzia vifungashio.

Wiki ile bahasha hazikwenda popote. Nilimpa nauli kama alivyoomba, lakini ya kwenda barabara ya Nyerere, kuanzia Chang'ombe kuelekea Vingunguti, akiwa na daftari tu. Kazi yake ilikuwa kusoma mageti. Siku ya kwanza alirudi na majina 31 ambayo hakuwahi kuyasikia, na taarifa nyingi kutoka kwa walinzi. Mlinzi wa getini, nawaambieni, ni mtu wa kuheshimiwa na mtafuta kazi. Anajua malori yameongezeka au yamepungua, anajua nani ameacha kazi mwezi uliopita, anajua meneja huja saa ngapi na ana hasira siku gani. Wengine walimfukuza, ni kweli. Mmoja alimwambia kampuni imefungwa tangu mwaka jana na yeye analinda mashine tu.

Aliandika barua saba, kila moja tofauti. Wawili walimwita. Mmoja kati ya hao wanatengeneza maboksi ya karatasi ngumu, yale ya kufungia mafuta na biskuti. Meneja wa mauzo alimwuliza habari za ubuyu karibu nusu saa nzima, hasa daftari la madeni, kwa sababu shida kubwa ya kampuni ile ni wateja wanaochukua mzigo na kuchelewa kulipa. Walimpa mkataba wa miezi sita. Mshahara si mkubwa. Mwezi wa tatu ulichelewa siku tisa, akaja kwangu amenuna. Majina yale 40 ya kwanza mawili tu yamekwisha mjibu kuhusu maombi yake ya barua pepe, yote mawili kwa kumkatalia kwa adabu.

Mama yake hakufurahi. Aliniuliza kwenye simu, kaka, maboksi? Nikamweleza nilivyoweza. Akanyamaza, kisha akauliza kama kampuni ile huwa inatangaza redioni. Sikuwa na jibu la kumpendeza.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha harusi ya kijana wa ukoo wetu. Zamu ya kujitambulisha ilipomfikia mpwa wangu alisimama akataja jina lake na jina la kampuni, na kama nilivyotarajia watu wakatazamana. Mzee mmoja pembeni akauliza kwa sauti, ndiyo nini hiyo? Binti hakujibu mara moja. Chini ya meza kulikuwa na boksi la mafuta ya kula lililoletwa na soda za kikao. Akaliinua, akaligeuza kitako juu, akaonyesha kwa kidole mahali palipochapwa herufi ndogo ambazo mzee yule alilazimika kuvaa miwani ili azisome. Akazisoma polepole, kwa sauti, silabi kwa silabi. Kisha akauliza kama wanaajiri madereva.

Ameniomba nisilitaje jina hilo hapa redioni, kwa kuwa mkataba wake unaisha mwezi ujao na hajui kama utaongezwa. Nimemwahidi. Tukijaliwa, wiki ijayo nitawasomea barua zenu kuhusu kodi za nyumba, ambazo zimekuwa nyingi.